Andika jina kamili kwanza, herufi zifuate

Karibuni kazini. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiandaa miongozo ya afya kwa wananchi katika ofisi moja hapa Upper Hill, Nairobi, na nimeona kwamba kinachowakwaza wageni si sarufi, ni vifupisho. Mimi pia vilinikwaza. Mwaka wangu wa kwanza, mwenzetu asiyeona, ambaye husomewa na kisoma skrini, yaani programu inayotamka maandishi ya kompyuta, aliniita mezani kwake nisikilize kazi yangu. Nilikuwa nimeandika “Na. 7”, nikimaanisha nambari saba. Sauti ya kompyuta ikatamka “na”, ikatua kwenye nukta kana kwamba sentensi imekwisha, kisha ikasema “saba”. “N.k.” nayo ilikatika vipande viwili. Tangu siku hiyo naandika “nambari”, “kwa mfano” na “na kadhalika” bila kufupisha. Skrini si karatasi, hakuna nafasi ya kubania.

Majina ya taasisi yanataka uangalifu zaidi. Tarehe 1 Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii ilipochukua nafasi ya Hazina ya Kitaifa ya Bima ya Hospitali, watu walianza kusikia SHA badala ya NHIF. Sasa mtafutie msomaji hiyo S katika jina la Kiswahili: haimo. Herufi zimetoka kwenye Kiingereza, na mama anayesoma Kiswahili tu hawezi kuzioanisha na jina alilopewa. Kwa hiyo usitosheke kubandika herufi kando ya jina. Andika “Mamlaka ya Afya ya Jamii, inayojulikana kwa kifupisho cha Kiingereza SHA”. Ni ndefu, najua, lakini inaandikwa mara moja kisha unaendelea na SHA. VVU haina shida hiyo, kwa kuwa virusi vya Ukimwi vinaonekana ndani ya herufi zenyewe. Ukimwi ndio umeshakuwa neno kamili, uache ulivyo.

Jihadharini pia na herufi zenye wenyewe wawili. Muuguzi wa watoto njiti akiona KMC anawaza malezi ya kangaruu, mtoto kifuani mwa mama. Mfugaji anayepeleka ng’ombe Athi River anawaza Tume ya Nyama ya Kenya. Wote wawili wako sahihi.

Wanaotengeneza kurasa za wavuti watawaambia kuna tagi ya abbr, alama ya msimbo wa ukurasa, ambayo huficha jina kamili ndani ya sifa ya title. Itumieni, ila msiitegemee peke yake. Maelezo yale hujitokeza kipanya kinapopita juu ya neno. Mwenye simu ya kugusa hana kipanya, anayetumia kibodi hayafikii, na visoma skrini vingi haviyasomi mpaka mtu abadilishe mipangilio. Tagi ya zamani ya acronym iliachwa katika HTML5, toleo la lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, msiifufue. Kwenye PDF yenye tagi, yaani alama zinazokiongoza kisoma skrini, jina kamili linaweza kuwekwa nyuma ya kifupisho, lakini hata hapo maandishi yanayoonekana ndiyo tegemeo.

Msitenganishe herufi kwa nafasi, “S H A”, ili sauti izitamke moja moja. Anayetafuta SHA kwenye dokumenti hataipata, na anayesoma kwa kifaa cha breli atakutana na herufi tatu zinazoelea. Matamshi anaweza kuyarekebisha mwenyewe katika kamusi ya kisoma skrini chake.

Kuna watakaowaambia kwamba Mwongozo wa Ufikivu wa Maudhui ya Wavuti, unaofupishwa WCAG kwa Kiingereza, unadai ufafanuzi wa vifupisho katika kiwango cha juu kabisa tu, AAA, kigezo 3.1.4, na ofisi nyingi hulenga AA, kiwango cha kati. Ni kweli. Lakini Kifungu cha 54 cha Katiba yetu ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia habari, na dokumenti asiyoielewa hajaifikia.

Jambo la mwisho, ambalo husahaulika sana: asiyeona hasomi kuanzia juu hadi chini. Huruka kutoka kichwa hadi kichwa. Jina ulilolifafanua ukurasa wa 2 hakulisikia akitua ukurasa wa 19, basi lirudie kila sehemu kubwa inapoanza. Kabla ya kunitumia rasimu, fungua NVDA, kisoma skrini cha bure, vaa vipokea sauti, fumba macho, uanzie katikati.