Linda visigino kabla hujaanza kupanda Kilimanjaro

Kila ikikaribia Desemba 9 napokea maswali mengi kutoka kwa Watanzania wanaojiandaa kupanda Kilimanjaro na vikundi vya Siku ya Uhuru. Wanauliza habari za baridi, za kuumwa kichwa huko juu, za koti na tochi. Miguu hakuna anayeiulizia. Nami kazi yangu ni kuongoza watu mlimani, na nimewaona wenye pumzi nzuri kabisa wakichechemea siku ya pili, kati ya kambi za Mandara na Horombo, kwa ajili ya lengelenge dogo nyuma ya kisigino.

Ninachokitegemea ni plasta nene ya kitambaa. Upande wa juu ni laini, una manyoya mafupi kama blanketi, na upande wa chini una gundi. Wageni wengi huja nayo kutoka kwao. Usipoipata, nunua plasta ya kitambaa ya roli, ile ya kufungia bandeji; ni nyembamba zaidi lakini inashika vizuri. Zile ndogo za plastiki sizipendi kwa kazi hii. Zikipata jasho zinajikunja, na ule mkunjo ndio unaokuchubua.

Lengelenge halitokani tu na kiatu kusugua ngozi kwa nje. Kila hatua mfupa wa kisigino unasogea, huku ngozi ya juu imeng'ang'ania soksi. Tabaka za ngozi zilizo katikati zinavutwa huku na huku mpaka zinaachana, na maji yanajaa pale. Ngozi yenye jasho inang'ang'ania zaidi kuliko iliyo kavu, kwa hiyo ule msitu wenye unyevu kabla ya kufika Mandara, mita 2,720, unaweza kuanza kukuumiza mapema hata kama njia ni nyepesi. Ukibandika plasta, msuguano mwingi unaishia kwenye kitambaa, na mvuto unaobaki unagawanyika sehemu pana.

Kwa hiyo bandika mapema. Kama unajua kiatu chako kinakusumbua mahali fulani, au umekodi buti Moshi na hujawahi kutembea nazo, weka plasta asubuhi kabla ya kuondoka. Njiani, ukihisi mahali pamoja panapata moto, simama hapo hapo. Nalisisitiza hili kwa sababu wengi wetu tunaona aibu kusimamisha kundi. Mwambie kiongozi wako wa mlimani, uvue kiatu, ubandike. Dakika chache hizo hakuna atakayekulaumu, na ukisubiri mpaka kambini utakuta ngozi imeshainuka.

Osha mguu, ukauke kabisa, usipake mafuta wala losheni mahali pa gundi. Kata kipande kipite eneo linalouma kwa sentimita moja au mbili kila upande, na pembe zake uzikate ziwe mviringo, maana pembe kali ndiyo inayonasa soksi na kubanduka. Nyuma ya kisigino, kunja mguu vidole vielekee juu ndipo ubandike, bila kuvuta plasta. Kisha ikandamize kwa kiganja mpaka ipate joto. Soksi ivaliwe taratibu, na iwe ya sufu au ya nailoni. Ya pamba inatunza jasho.

Unene una hasara yake. Kiatu kinachobana tayari, ukikiongezea plasta nene, kinabana zaidi. Hapo tumia ya roli.

Lengelenge likishatokea, usibandike gundi juu yake, kwani siku ya kubandua utaondoka na ngozi. Kata tundu katikati ya plasta nene, kubwa kidogo kuliko lengelenge, ulizungushie ili shinikizo libebwe na ngozi nzima ya pembeni. Kama limevimba sana, weka tabaka mbili. Dogo lisilouma liache bila kulitoboa. Ile ngozi ya juu inazuia uchafu. Likipasuka lenyewe, osha kwa maji safi na sabuni, funika kwa shashi, ndipo uzungushie plasta.

Wengi husahau safari ya kushuka. Kwa njia ya Marangu unatoka kilele cha Uhuru, mita 5,895, unalala Horombo, mita 3,720, siku hiyo hiyo, na njia nzima vidole vinagonga mbele ya kiatu. Kata kucha kabla ya safari, kaza kamba za buti kwenye kifundo, na zungushia plasta nyembamba kidole gumba na kile kidogo. Roli ikibaki, mwachie mgumu, yaani mpagazi aliyebeba mzigo wako. Wengi wanatembea na viatu walivyopewa, visivyo saizi yao.

Usibandue plasta kwa haraka. Ilainishe kwa maji ya uvuguvugu au mafuta kidogo, anzia pembeni, uivute ikiwa imelala juu ya ngozi. Ikiwasha na kuleta vipele, gundi hiyo haikufai. Ukiona usaha, uvimbe unaosambaa, joto au homa, nenda kituo cha afya. Kwenye ngozi yetu nyeusi usisubiri kuona wekundu. Na mwenye kisukari amwone daktari kwa lengelenge lolote la mguuni, hata kama haliumi.