Kisa cha mzee kiache daftarini kwanza

Ninyi mnaoanza kuandika huniletea miswada, na mingi ina mzigo uleule: ukoo mzima, kuanzia babu hadi mwandishi mwenyewe. Siwacheki. Nami nilianza hivyohivyo, kurasa 400 juu ya babu yangu. Mchapishaji aliurudisha mswada kwa mistari miwili, na kisa chenyewe kikawa kimeshanichosha.

Ndiyo maana napenda kuwasimulia habari za Johannes Anyuru, mshairi na mwandishi wa riwaya aliyezaliwa Borås, Uswidi, mwaka 1979. Mama Mswidi, baba Mganda. Na baba huyo alikuwa na kisa! Alipelekwa Ugiriki kusomea urubani wa ndege za kivita, Idi Amin akapindua serikali mwaka 1971, kijana akakataa kurudi Uganda. Safari yake ikampitisha Tanzania, akiwa mtu wa kuhojiwa. Wengi wetu tungeanza kuandika usiku huohuo.

Anyuru alianza na mtaa wake. Katika diwani yake ya kwanza, yaani kitabu cha mashairi, mwaka 2003, aliazima Iliadi, utenzi wa Wagiriki wa kale, akauhamishia kwenye maghorofa ya zege ya pembezoni mwa miji ya Uswidi. Hapo pana kazi ya kujifunza. Chukua mizani nane za utenzi wetu wa Kiswahili, yaani silabi nane kila mstari, uzipandishe kwenye bodaboda ya mtaani kwenu. Zitakubana, utakata maneno uliyoyapenda, na utajua lipi lilikuwa pambo tu.

Mwaka 2005 ikaja diwani ya pili, baadaye nyingine, kisha riwaya mwaka 2010. Kisa cha baba kilitoka 2012, miaka tisa baada ya kitabu cha kwanza, tena kama riwaya, si wasifu. Tuzo ya August, tuzo ya vitabu iliyo kubwa mno huko kwao, aliipata 2017 kwa riwaya nyingine kabisa.

Kusubiri huko kusiwafanye mkalale. Daftari lianze leo, wazee wangali wanaongea. Ulizeni vitu vidogo: siku ile uliondoka umevaa nini, nani alikushikia mzigo, nauli ilikuwa shilingi ngapi. Mimi sikuuliza. Kwenye mswada nilimvisha babu makubazi, na shangazi alipousoma alicheka sana: mzee alitembea peku maisha yake yote.