Saa za Betri: Kwa Nini Kompyuta Hubadilisha Kauli

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa sekondari. Mwaka jana nilinunua laptopu iliyokwisha kutumika, na muuzaji akanihakikishia kwamba betri yake hukaa na chaji kwa saa 8. Nikiichomoa kwenye umeme asubuhi, kompyuta huandika kwamba zimebaki saa 4 na dakika 10. Nikishafungua mitihani na kuunganisha intaneti, hazipiti dakika tano kabla haijasema zimebaki saa 2. Nimsadiki nani?
Mwalimu, Tanga

JIBU: Ndugu Mwalimu, usimsadiki yeyote kati yao mpaka umepima mwenyewe. Kompyuta haijui utafanya nini saa ijayo. Hutazama umeme uliotumika dakika chache zilizopita, kisha hugawa chaji iliyobaki kwa kasi hiyo. Ni kama dereva anayekisia mafuta yatamfikisha wapi angali kwenye tambarare ya Mombo, na mbele yake kuna mlima wa Lushoto. Ulipoichomoa ilikuwa imetulia, ndiyo maana ilitoa ahadi kubwa.

Unahitaji tarakimu mbili tu. Ya kwanza ni umeme uliomo ndani ya betri, unaohesabiwa kwa wati-saa (wati zinazoliwa mara saa zinazotumika). Ikiwa laptopu yako inatumia Windows, fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport, na kompyuta itatengeneza ripoti na kukuonyesha ilipoihifadhi. Humo utakuta uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa ikijaa, vyote kwa miliwati-saa (elfu moja ni wati-saa moja). Tuseme, kwa mfano, wa kiwandani ni 48,000 na wa sasa ni 31,200: maana yake ni kwamba betri hiyo, hata ikiandika asilimia 100, inabeba wati-saa 31.2 tu, yaani asilimia 65 ya ilivyokuwa mpya.

Tarakimu ya pili ni ulaji wa kompyuta yako, na huu hakuna ripoti itakayokupa kwa uhakika kama kazi zako mwenyewe. Jaza chaji, chomoa waya, fanya kazi zako za kawaida kwa saa nzima, kisha tazama asilimia ngapi zimeondoka. Zikiondoka 38, umekula takriban wati-saa 12 kwa saa moja, yaani wati 12. Gawa 31.2 kwa 12, utapata 2.6: saa mbili na dakika 36. Huo ndio muda wa kuupangia ratiba.

Sasa rudi kwa muuzaji. Betri ya wati-saa 48 haiwezi kufika saa 8 ila kompyuta ikila wati 6 tu, na hilo huwezekana skrini ikififishwa na kazi zikiwa chache. Kwa matumizi yako ya wati 12, hata ingekuwa mpya, ingekufikisha saa 4. Kwa hiyo kabla ya kutoa fedha za betri nyingine, punguza mwangaza wa skrini na ufunge kurasa za intaneti usizozisoma, kisha upime tena. Ningeibadilisha pale tu muda uliopatikana unapokuwa hautoshi kazi yako. Ila ikivimba na kuinua kibodi, acha kuitumia na kuichaji siku hiyo hiyo, na umpelekee fundi.

SWALI: Nimeambiwa niiache betri iishe hadi kompyuta izime ndipo nichaji, ili isizoee vibaya. Je, ni kweli?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Ushauri huo ulifaa betri za nikeli-kadimi, aina ya zamani. Laptopu za leo hutumia lithiamu-ioni, ambazo Sony ilianza kuziuza mwaka 1991, nazo huchakaa zaidi zikimalizwa kabisa mara kwa mara, na vilevile zikikaa zimejaa huku zikipata joto. Kwa mji wenye joto kama wako, anayeishi na waya umechomekwa mchana kutwa afadhali aweke ukomo wa chaji kwenye asilimia 80, endapo kompyuta yake ina mpangilio huo, na asiiweke juu ya godoro linaloziba matundu ya hewa. Kuimaliza betri hadi mwisho kuna manufaa mamoja tu: kompyuta ikizoea kuzima ghafla wakati bado inaonyesha asilimia 15 au 20, kuijaza kabisa, kuiacha iishe na kuijaza tena huweza kusahihisha kipimo chake. Betri yenyewe haipati nguvu mpya kwa kufanya hivyo.