Kadude kangu kanasoma 80, maabara wanasema 0.3, nani mkweli?

SWALI: Habari za kazi wataalamu. Mimi nakata graniti na marumaru, huu mwaka wa sita. Nilinunua kale kadude kadogo ka kupimia vumbi nikakaweka kwenye rafu karibu na dirisha, kutwa kanasoma 80 hivi. Juzi wakaja watu wa usalama kazini wakanivalisha pampu kiunoni, mpira umepita begani mpaka kwenye kola, nikashinda nayo saa nane. Majibu yamerudi yameandikwa 0.3. Si ina maana vumbi hamna? Bosi ameshaanza kusema barakoa za nini.

JIBU: Ndugu yangu, barakoa usivue. Angalia kilichoandikwa pembeni ya hizo namba. Kadude kako kanasoma maikrogramu kwa kila mita moja ya ujazo ya hewa, maabara wameandika miligramu, na miligramu 1 ni maikrogramu 1,000. Kwa hiyo ile 0.3 yao ni 300, karibu mara nne ya 80 yako!

Kwa nini zipishane hivyo? Kwanza rafu haikati mawe, wewe ndio unainamia msumeno, na ule mpira uliwekwa kwenye kola makusudi ili uvute hewa ya ndani ya sentimita 30 kutoka puani na mdomoni. Pili kadude hakapimi uzito wowote, kanamulika mwanga, vumbi likipita mwanga unatawanyika nako kanakisia uzito, na vumbi la mawe sio lazima lifanane na lile walilokarekebishia kiwandani. Mkikata kwa maji ndio kabisa, matone nayo kanayahesabu vumbi. Usikatupe lakini, kashike mkononi wakati mtu anafagia pakavu uone namba inavyoruka, kwa kazi hiyo kako vizuri sana.

Pampu yenyewe inavuta mfano lita 2 kwa dakika, saa nane ni lita 960, hewa inazungushwa kwenye kikombe kidogo kinaitwa sikloni, chembe kubwa zinadondoka chini na zile laini zinazofika ndani kabisa ya mapafu zinanasa kwenye kichujio, ambacho kilipimwa uzito kabla na kikapimwa tena baadaye. Ndio maana ukivua wakati wa chakula ukakilaza hicho kikombe kichwa chini, zile kubwa zinarudi kwenye kichujio na sampuli imeharibika. Kama ilitokea waambie, warudie tu.

Ila kinachonisumbua mimi kwenye barua yako ni graniti. Hiyo 0.3 ni uzito wa vumbi lote laini, haisemi silika, yale madini ya kwenye mawe ambayo vumbi lake laini linaharibu mapafu, ni kiasi gani, na graniti ina silika nyingi kuliko marumaru. Marekani kanuni ya 2016 inaruhusu silika miligramu 0.05 tu kwa wastani wa saa nane, sasa kama sehemu moja ya tano ya vumbi lako ni silika hiyo ni 0.06, umeshapita. Kadude hakawezi kutofautisha silika na unga wa ngano, ila maabara wanaweza kukipiga kichujio hichohicho mionzi ya eksirei wakajua, kwa hiyo waulize kama walipima silika au uzito peke yake, na wakupe majibu kwa maandishi umpelekee bosi. Na kwa miaka sita hiyo, nenda kapige picha ya kifua, silikosisi, yaani ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi la silika, inakuja taratibu na haina dawa ya kuiponya.