Gitaa la saba liko kwa mama Ahero

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwanamume wa miaka 41, naishi Nyalenda hapa Kisumu, nina mke na watoto watatu. Mchana mimi ni fundi wa umeme. Jumamosi napiga besi kwenye bendi ya benga Kondele, Jumapili napiga kanisani. Nyumbani nina magitaa sita ya besi. Mwezi jana nilinunua la saba kwa Sh38,000, na hizo zilikuwa pesa za mabati ya jikoni. Nililipeleka kwa mama mzazi Ahero, nikamwambia ni la rafiki yangu. Kila nikinunua naapa kwamba hili ndilo la mwisho, lakini usiku nikishika simu najikuta naangalia besi tena. Mke wangu ameanza kuuliza mabati yako wapi. Nimwambie, au niliuze kimyakimya nirudishe pesa? – Mpiga Besi, Kisumu.*

Marahaba, mwanangu. Kabla sijakukaripia, wacha nikiri langu. Nina sanduku la leso chini ya kitanda. Juzi nilizihesabu nikafika doti kumi na tisa, nikaacha kwa aibu. Ninazovaa ni mbili, na zote mbili zimechujuka. Kwa hiyo usidhani unaongea na malaika.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Umetaja bei, umetaja mabati, umetaja simu ya usiku. Sauti hukuitaja hata mara moja. Hukusema la sita lina mlio gani ambao la tano halina, wala la saba umelinunua ulipigie wimbo gani. Mpiga besi akiandika ukurasa mzima kuhusu besi na asiseme zinavyolia, basi anachokipenda ni kule kununua.

Nadhani najua inavyokuwa. Jumamosi usiku mkono umekataa. Kuna mahali gitaa la solo lilikimbia na wewe ukabaki nyuma, mpiga ngoma akakutupia jicho. Unafika nyumbani saa tisa, usingizi hauji, unawasha simu. Pale kwenye kioo kuna gitaa jekundu linang'aa, na linakuambia shida haikuwa vidole vyako. Siku tatu za kwanza unaliamini. Nyuzi zikianza kuzoea jasho lako, mkono ni ule ule.

Gitaa la besi la umeme kama hayo yako halijabadilika sana tangu Leo Fender, mtengenezaji wa magitaa, alipotoa besi yake iitwayo Precision kule California, Marekani, mwaka 1951. Nyuzi nne, ubao, sumaku chini ya nyuzi. La pili tofauti yake na la kwanza utaisikia, la tatu pengine. Kutoka la tano kwenda la saba anayesikia tofauti ni wewe peke yako, ukiwa umevaa spika za masikioni. Watu wa Kondele wanacheza tu.

Kulikuwa na mtu Detroit akiitwa James Jamerson, ndiye aliyepiga besi kwenye nyimbo nyingi za Motown, kampuni ya kurekodi muziki ya huko huko, miaka ya sitini. Alijulikana kwa gitaa moja, Precision ya 1962, nyuzi hakupenda kuzibadilisha, na mkono wa kulia alitumia kidole kimoja. Kimoja! Na kwetu huku Nyanza, wapigaji wengi wa benga ya zamani, ile besi inayorukaruka ikijibizana na solo, hawakuwa na gitaa hata moja la kwao. Vyombo vilikuwa vya mwenye bendi. Ukikosana naye unaondoka na vidole vyako tu.

Hamu hiyo haitakwisha kwa kuapa, umeshaapa mara sita. Ila unaweza kuipa kitu kidogo cha kutafuna. Chukua lile unalolipiga kila Jumamosi, livishe nyuzi mpya, halafu mpelekee fundi anyooshe shingo na kushusha nyuzi. Hewa ya ziwani inacheza na mbao, wewe mwenyewe umeona milango inavyokataa kufunga msimu wa mvua. Mara nyingi gitaa tunaloliona limezeeka limepinda tu. Na ukitamani la nyuzi tano, mwenzako wa kanisa jirani analo. Azima wiki mbili.

Sasa tuje kwenye uchungu wenyewe. Kuliuza kimyakimya, hapana. Utauza haraka, utapata hasara, na bado utabaki na mwezi mzima usio na maelezo. Ujumbe wa M-Pesa nao utakuwa umelala kwenye simu yako ukisubiri siku ambayo mtoto ataomba kucheza gemu.

Lakini kilichonikera zaidi ni Ahero. Gitaa mke anaweza kulisamehe, wameolewa wengi na watu wenye magari mabovu matano uani. Ila umemfanya mama yako alinde kitu ambacho mkaza mwanawe hakijui, na yeye hajui kwamba analinda. Desemba mtakwenda, mkeo ataingia chumba cha nyuma kutafuta gunia la mchele, na atakutana nalo. Atauliza, mama atajibu kwa moyo safi kwamba ni la rafiki. Hapo hamtakuwa tena na ugomvi wa Sh38,000. Mkeo atajiuliza kama mama naye alikuwa kwenye njama, na swali hilo litakaa kati yao miaka.

Kwa hiyo panda matatu wiki hii. Mwambie mama kwanza kwamba lile gitaa ni lako na ulimdanganya. Atakusema, vumilia. Kisha rudi nalo nyumbani likiwa begani, mchana, majirani wakiona. Watoto wakilala, yaegeshe yote saba ukutani, umwambie mkeo hizi hapa pesa za mabati.

Mwache aseme atakayosema. Akimaliza, yapige moja moja, umuulize ubaki na yapi mawili. Usicheke. Miaka yote hii amekusikia ukifanya mazoezi ukiwa sebuleni na yeye akiwa jikoni, hakuna msikilizaji anayekujua kuliko yeye, na hilo jina lililoandikwa kichwani mwa gitaa halimsumbui. Akilichagua lile la zamani lenye mikwaruzo ukaliacha jipya liende, usibishane.

Mengine uza, kwa bei halali, akiwa anajua. Na ukifika dukani chukua mabati ya geji 30. Usije ukanunua 32, yale membamba ya bei ya chini, ili chenji ibaki. Najua ingeenda wapi.