Soriasisi, mate na pipi za mnanaa

DAKTARI WA MENO ANAJIBU

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa miaka 43, fundi cherehani hapa Tanga. Nina soriasisi, ule ugonjwa wa ngozi, tangu usichana wangu: viwiko, magoti na kichwani. Kila Ijumaa nameza methotreksati, dawa ya soriasisi niliyoandikiwa hospitali, na pia natumia foliki asidi. Muwasho ukizidi usiku naongeza vidonge viwili vya Piriton, dawa ya mzio, nanunua mwenyewe, ili nipate kulala. Tangu mwaka jana mdomo unanikauka. Naamka ulimi umenata kwenye kaakaa. Mchana kazi hainipi nafasi ya kunyanyuka kila mara kufuata maji, basi naweka pipi ya mnanaa shavuni, ikiisha naweka nyingine. Ulimi nao una mabaka mekundu yenye ukingo mweupe, leo yako huku, baada ya siku chache yamehamia kule. Duka la dawa waliniambia ni fangasi wakanipaka GV. Nimetembea na ulimi wa zambarau wiki nzima na mabaka bado yapo. Wifi yangu ananong'ona kwamba ni ule ugonjwa mkubwa. Fizi zinatoka damu nikipiga mswaki, na jino la mbele limeanza kulika pale linapokutana na ufizi. Dawa ya meno natumia isiyo na floraidi, kwa sababu ukweni kwangu Arusha floraidi imewapaka watu kahawia meno yote. Je, soriasisi imeingia mdomoni? Na nikinywa kikombe kimoja na mwanangu, namwambukiza?
Fundi wa Tanga

JIBU: Marahaba, fundi. Kikombe kwanza: kunyweni. Soriasisi haiambukizi kwa mate, wala kwa kugusana, wala kwa kulala kitanda kimoja. Ni kinga ya mwili wako mwenyewe iliyochachamaa na kuifanya ngozi ijitengeneze upya kwa kasi isiyo ya kawaida. Mwanao anaweza kuurithi mwelekeo wa kuipata, lakini hilo liliamuliwa kabla hajazaliwa.

Huo ulimi, kwa ulivyoueleza, ni ule tunaouita ulimi wa ramani. Vinundu vidogo vinavyoupa ulimi mkwaruzo wake hupukutika sehemu moja na kuacha baka jekundu laini, kisha huota tena huku vikipukutika kwingine. Ndiyo maana unaona mabaka yanahama. Watu wenye soriasisi huwa nao mara nyingi zaidi kuliko wengine, kwa hiyo hujakosea kuhisi kuna uhusiano. Fangasi ana sura nyingine: mara nyingi ni utandu mweupe unaofutika kwa kitambaa na kuacha wekundu chini yake. Ule ukingo mweupe wako jaribu kuufuta, hautoki. GV ilikupaka rangi tu. Ulimi wa ramani hauhitaji dawa. Ukiwashwa na pilipili au ndimu, pumzika navyo hadi baka lihame. Wala si dalili ya UKIMWI, kamwambie wifi. Kipimo cha VVU ni bure katika vituo vya serikali, nacho nitakushauri ukipime kwa faida yako, siyo kwa ajili ya minong'ono yake.

Sasa mate, ambayo ndiyo yanayonitia wasiwasi. Mtu mzima hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku, na hayo si maji tu. Yana bikaboneti inayozima asidi, yana kalsiamu na fosfeti zinazorudishwa kwenye jino lililoanza kumomonyoka, na yana kinga dhidi ya vijidudu. Wanaochunguza mate ya wagonjwa wa soriasisi wamekuta ndani yake kemikali za uvimbe, zilezile zinazochochea ngozi, kwa kiwango cha juu kuliko kwa watu wengine. Baadhi ya wagonjwa hutoa mate machache pia. Kwa hiyo ugonjwa wenyewe una mkono wake. Lakini barua yako nimeisoma mara ya pili nikakwama kwenye zile Piriton mbili za usiku.

Dawa hiyo, pamoja na kutuliza mzio, huzuia ujumbe wa mishipa ya fahamu unaoziamuru tezi za mate zifanye kazi. Na usiku tezi zinakuwa tayari zimepunguza kazi zenyewe. Kila mtu mate yake hupungua sana akilala. Wewe unakizima hata kile kidogo kilichobaki, halafu unalala mdomo wazi, unaamka ulimi umenata. Isitoshe, Piriton haiigusi soriasisi. Inakulaza usingizi tu, usijikune. Mwambie daktari wako wa ngozi kwamba muwasho unakunyima usingizi, maana hiyo inaonyesha kwamba tiba uliyo nayo haijatosha, na huenda akabadilisha dozi au akakupa dawa ya kupaka yenye nguvu. Wakati unasubiri, jipake mafuta mazito ya mgando ukitoka kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu. Ngozi kavu huwasha zaidi.

Na pipi. Hapo, fundi, tutagombana. Ukiweka sukari mdomoni, vijidudu vya kwenye ukoga huigeuza asidi ndani ya dakika chache, na mate yaliyo mazima huhitaji kama nusu saa, wakati mwingine zaidi, kuizima. Wewe mate huna, na kabla nusu saa haijapita umeshaweka pipi nyingine. Jino linakaa kwenye asidi kuanzia unapofungua cherehani hadi unapoifunga. Tena huoza pale pale ulipopataja, shingoni karibu na ufizi, mahali ambapo kwa mtu mwenye mate ya kutosha huwa tunaona uozo kwa nadra. Badala yake tafuna chingamu isiyo na sukari, ikiwa na zailitoli, kitamu kisichoozesha meno, ni bora zaidi. Kutafuna kwenyewe kunaziamsha tezi. Weka chupa ya maji mezani karibu na mkasi, upige funda dogo dogo badala ya kungoja kunyanyuka. Chai ya tangawizi ruksa, bila sukari. Najua Tanga hilo ni tusi, lakini vumilia.

Ukitaka kujua hali ya mate kabla ya kuja kwetu, kaa saa nzima bila kula wala kunywa, kisha inamisha kichwa na uyaache mate yadondoke yenyewe kwenye kikombe kwa dakika 5. Yavute kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Yakiwa chini ya nusu mililita, tezi zako zimelegea kweli. Sisi kliniki huona hata kabla ya kupima: kile kioo kidogo cha kukagulia meno kinanata kwenye shavu badala ya kuteleza. Macho nayo yakikukereketa kana kwamba yana mchanga, sema, kuna ugonjwa mwingine wa kinga unaokausha macho na mdomo pamoja. Na upime sukari ya damu. Kisukari hukausha mdomo na kuharibu fizi, na wenye soriasisi hukipata zaidi.

Kuhusu floraidi, meno ya kahawia ya ukweni yalitokana na maji ya kunywa yenye floraidi nyingi mno, waliyoyanywa wakiwa watoto, meno yao yakiwa bado yanajijenga ndani ya ufizi. Meno yako yalishamaliza kujengwa, mswaki hauwezi kuyafanya kahawia. Mdomo mkavu ndio unaoihitaji floraidi kuliko mdomo wowote. Nunua dawa ya meno iliyoandikwa floraidi karibu 1,450 ppm (kipimo cha wingi wake), piga mswaki mara mbili kwa siku, teme povu na usisukutue.

Fizi zinazotoka damu zinataka kukwanguliwa ugaga, yaani ukoga uliogeuka mgumu, na hilo halifanyiki nyumbani. Ugonjwa wa fizi huwapata wenye soriasisi zaidi ya wengine, na ukiachwa hula mfupa hadi jino linacheza. Jino la mbele usikubali ling'olewe haraka. Uozo wa shingoni ukiwahiwa huzibwa.

Utakapokwenda, beba dawa zako zote kwenye mfuko na utaje methotreksati kabla hujakaa kwenye kiti. Ni dawa ya mara moja kwa wiki. Anayeimeza kila siku kwa kukosea anaweza kufa. Ukiota vidonda mdomoni, ambavyo ni tofauti na yale mabaka, au ukapata homa, usimeze dozi ya Ijumaa inayofuata hadi uonwe na daktari, na nenda siku hiyo hiyo. Jino likiuma kabla ya miadi, meza paracetamol. Duka la dawa wakikupa Septrin, ile antibayotiki, kwa ajili ya jino, kataa, maana ikikutana na methotreksati inaweza kuusimamisha uboho usitengeneze damu. Diklofenaki, dawa ya maumivu, nayo usijinunulie bila kumuuliza daktari aliyekuandikia ile ya Ijumaa.