Silabi si mofimu: nilivyojifunza kukata maneno marefu ya Kiingereza

Siku nilipokutana na nomino defenestration nilishika penseli, nikaikata silabi kwa silabi: de-fen-es-tra-tion. Kisha nikafungua kamusi kutafuta maana ya kila kipande. Fen ikanipa kinamasi. Jioni nzima nilihangaika na kinamasi, kumbe neno lenyewe linahusu dirisha.

Nilikuwa nimechanganya silabi na mofimu. Silabi ni pigo la sauti. Mofimu ndiyo inayobeba maana. Kwa Kiswahili tunalijua hili tangu shuleni. Chukua “wanasoma”: mdomoni ni wa-na-so-ma, lakini mzizi ni -som-, na m yake imehamia kwenye irabu ya mwisho.

Defenestration nalo kimaana ni de-fenestr-ation. De- ni kutoka, fenestra ni dirisha kwa Kilatini, na -ation huunda jina la tendo. Ni tendo la kumtupa mtu nje kupitia dirishani, kama walivyotupwa maofisa wawili na katibu wao kule Prague mwaka 1618. Wote watatu walipona, ila vita vilivyofuata vilidumu miaka 30. Sasa itazame silabi ya nne, tra: tr ni ya dirisha, a ni ya kiambishi tamati. Silabi moja imekanyaga pande mbili, na ndiyo maana penseli yangu ilinipoteza.

Kwa hiyo ukitafuta maana, anzia mwisho wa neno. Vua -ation, vua de-, halafu ujaribu mzizi uliobaki kwenye neno jingine. Fenestration, kwa mfano, ni neno la wajenzi: mpangilio wa madirisha kwenye jengo. Mzizi ukikubali na huko, umekata sawa.

Ukitafuta matamshi, mizizi iache kabisa. Weka kiganja chini ya kidevu, useme neno polepole. Kidevu kitashuka mara tano. Mkazo mkuu uko kwenye tra, silabi ya pili kutoka mwisho, palepale tunapouweka kwenye Kiswahili, kwa hiyo maneno ya -tion yasikutishe. Kazi iko kwenye str, maana ulimi wetu hupenda kupachika irabu katikati. Mimi niliirudia stra peke yake, taratibu, mpaka ile i iliyokuwa ikijipenyeza kati ya s na t ikatoweka, ndipo nikairudisha ndani ya neno.